Tumehamia nyumba ya zamani Nakuru: bustani iliyosahauliwa tuifyeke au tuiache kwanza?

Mgeni wa Milimani (11 Januari)

Hamjambo nyote. Mwezi wa Desemba tulihamia nyumba ya zamani katika mtaa wa Milimani hapa Nakuru, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili pamoja na mama mkwe, baada ya nyumba hiyo kukaa miaka minne bila mtu. Ni nyumba ya mawe yaliyochongwa kwa mkono, yenye vigae vyekundu upande wa mbele na paa zito la kijivu lenye mawimbi upande wa jikoni, sakafu ya mbao inayolia kila unapoikanyaga, na veranda ndefu inayotazama mteremko wa kuelekea mjini. Hatujui ilijengwa mwaka gani. Hatimiliki haisemi, na jirani yetu mzee, aliyestaafu kutoka reli, anasema tu kwamba aliikuta imesimama alipohamishiwa hapa akiwa kijana.

Ndani bado hatujatulia. Nusu ya milango haifungiki na iliyobaki haifunguki, fundi wa umeme ametuonya tusiguse soketi za sebuleni, na sote tunalala katika vyumba viwili huku vingine vikikaushwa unyevu. Kwa hiyo nimejikuta nikiishi nje. Kila alfajiri, kabla watoto hawajaamka, ninachukua kikombe cha chai na kigoda nikakae verandani, na hapo ndipo nilipoanza kuiona bustani ambayo mwanzoni nilidhani ni kichaka tu.

Chini ya nyasi za Kikuyu kuna njia ya mawe. Juzi niliifuata nikiikwangua kwa jembe, ikanipeleka mkunjo mmoja baada ya mwingine hadi kwenye beseni la zege ambalo nadhani liliwekwa kwa ajili ya ndege. Mwaridi mkongwe, wenye shina nene kama mkono wangu, umekumbatia nguzo ya veranda. Chini ya dirisha la jikoni kuna rozmeri kubwa kama mbuzi aliyelala. Kuna mlokwati pembeni, jakaranda langoni, bogenvilia iliyopanda hadi juu ya vigae, na mistari ya mimea yenye majani marefu kama mikanda ambayo nimeambiwa ni agapantasi. Mbele kabisa ya veranda, hata hivyo, kuna kipande cha ardhi cha hatua kumi kwa sita ambacho hakina chochote ila vumbi.

Shida yangu imo nyumbani. Mama mkwe, ambaye ninamheshimu sana na ambaye amelima maisha yake yote huko Bahati, anasema kwamba maua hayaliwi, na kwamba ni aibu kununua sukuma wiki sokoni ilhali tuna nusu eka ya udongo. Mume wangu anataka kile kipande kitupu kitandazwe kabro ili magari mawili yapate pa kuegeshwa. Kijana anayetusaidia kazi ameshanoa fyekeo lake na anasema siku mbili zinamtosha kusafisha kila kitu hadi kwenye uzio wa kayaba. Wote wana hoja. Mimi sina ujuzi wowote wa bustani, kwani nilikulia Eldoret katika nyumba ya kupanga ambako mama yangu alipanda maua katika mikebe ya mafuta ya kupikia. Lakini moyo unakataa kufyeka kitu ambacho bado sijakijua jina.

Ninyi mliowahi kuhamia nyumba za zamani, mlifanya nini mwaka wa kwanza? Ni jambo gani lisiloweza kungoja? Na kwa nini majani ya mwaridi yamekuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, ingawa tunaumwagilia kila jioni kwa maji ya kisima cha mashine?

Fundi wa Njoro (11 Januari)

Dada, karibu Nakuru. Nimekarabati nyumba za aina hiyo Njoro, Elburgon na hapo Milimani penyewe, na nitajibu lile swali lako la pili tu. Ya maua nawaachia wenye maua.

Kisichongoja kuliko vyote ni maji. Udongo wa Nakuru una majivu mengi ya volkano, hunywa maji haraka, na katika sehemu kadhaa za mji hudidimia au kupasuka baada ya mvua kubwa. Kabla ya mwisho wa Machi hakikisha kwamba mifereji ya paa haijaziba kwa majani ya jakaranda, na kwamba maji yake yanapelekwa mbali na msingi badala ya kumwagwa kwenye kona za nyumba. Kwa sababu hiyo hiyo, kitalu cha mboga kinachomwagiliwa kila siku kisiwe kando ya ukuta, na hilo utamweleza mama mkwe kwa upole unaoujua wewe.

Bogenvilia ishushwe. Tawi lake huinua kigae kimoja tu, maji yakapata njia, na mbao za paa zikaoza miaka mitatu kabla ya mtu kuona doa kwenye dari. Ikateni bila huruma, haifi. Ni mmea wenye ukaidi wa punda. Kisha mkague kuta na dohani muone kama kuna miche ya mugumo iliyojiotea katika nyufa, kwa kuwa ndege hula tunda lake na kuacha mbegu huko juu, na mizizi hushuka ikitafuta ardhi mpaka ikalipasua jiwe. Najua mugumo ni mti wa heshima na kuna wazee wasiotaka uguswe, lakini huo ulio katika ukuta wako hakuna aliyewahi kuombea chini yake. Ung'oeni ungali mwembamba kama kidole.

Lililonitia wasiwasi zaidi ni lile paa la jikoni. Kwa maelezo yako, huenda ni asbesto. Likiwa zima halina haraka, ila asitokee mtu akalitoboa, akalikata kwa msumeno au akalisugua kwa brashi ya waya, kwa maana vumbi lake likivutwa huleta maradhi ya mapafu, saratani ikiwemo, miaka mingi baadaye. Tangu kanuni za taka za mwaka 2006, asbesto inahesabiwa hapa Kenya kuwa taka hatari, na kuiondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, si ya kibarua mwenye nyundo. Hili linaihusu bustani pia, kwani vipande vilivyovunjika zamani mara nyingi vilizikwa nyuma ya jikoni. Mkichimba mkavikuta, vilowesheni maji, msivivunje, na watoto wakae mbali. Maji ya mvua myavune upande wa vigae.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga (12 Januari)

Mwanangu, nilifundisha kilimo katika shule za sekondari za Kakamega na Vihiga hadi nilipostaafu, na ushauri wangu ni huu: mkishayamaliza aliyoyataja Fundi, mwambie yule kijana aliweke fyekeo hadi mvua za Aprili zipite.

Sasa hivi unaitazama bustani yako ikiwa imelala. Kati ya Desemba na Machi, mimea mingi yenye vitunguu ardhini huwa imekausha majani yake na kujificha, hivyo anayefyeka na kuchimba Januari huwa anaichimba asiyoijua. Kile kipande kitupu kinanishangaza. Kiko mbele ya veranda, mahali ambapo macho ya mwenye nyumba yalikuwa yakitua kila asubuhi, na mtu aliyejenga njia ya mawe yenye mikunjo hawezi kuwa alipaacha hapo patupu kwa kusahau. Muombe mume wako asiweke kabro kabla ya Mei. Miezi minne ya kuegesha gari chini ya jakaranda haitamdhuru, ingawa maua yake huchafua vioo.

Kwa jinsi unavyoieleza, aliyeipanda alifuata mtindo wa Kiingereza wa bustani ya nyumba ya kijijini. Mtindo huo asili yake haikuwa fahari. Ulikuwa wa watu maskini wenye kipande kidogo cha ardhi mlangoni, waliochanganya kabeji, maharagwe, mimea ya dawa, miti ya matunda na maua bila mistari iliyonyooka, kwa kuwa kila shubiri ya udongo ilipaswa kulipa. Ni mwishoni mwa karne ya 19 ndipo waandishi wa bustani kama William Robinson na Gertrude Jekyll, bibi aliyekuwa mchoraji kabla ya macho kumsumbua, walipoutukuza hata matajiri wakaanza kuuiga, na baadaye walowezi wakaja nao huku nyanda za juu, ambako reli ilikuwa imefika Nakuru mwaka 1900.

Nakueleza haya kwa sababu ya mama mkwe wako. Nilipousoma mtindo huo chuoni nilicheka, kwa kuwa ulikuwa ni boma la nyanya yangu huku Maragoli. Chini ya migomba palikuwa na maboga, kunde zilipanda juu ya mabua ya mahindi, managu na saga vilijiotea popote samadi ilipomwagika, mrenda ulikuwa karibu na jiko, na mlangoni palikuwa na dalia nyekundu ambazo nyanya hakuruhusu mtoto yeyote azichume. Hakuna aliyepaita hapo bustani. Basi usimwambie mama kwamba wewe unataka maua naye anataka mboga. Mwambie achague yeye mahali pa sukuma wiki kati ya hayo maua, apande na dania, na baadhi ya dania aiache ichanue, kwa maana maua yake madogo huvuta nyuki pamoja na nzi wengine wadogo ambao viluwiluwi vyao hula vidukari. Amelima Bahati maisha yake yote. Kuna mengi ya udongo huo anayoyajua kuliko sisi sote tunaoandika hapa.

Jambo moja lisingoje: kama kuna mmea wenye maua makubwa kama tarumbeta, yanayoning'inia na kunukia jioni, wafundisheni watoto kwamba ni sumu tangu jani hadi mbegu. Oleanda nayo ni hivyo hivyo.

Nyar Kisumo (13 Januari)

Mwalimu, nakuheshimu, lakini huo ushauri wa kungoja mimi ulinigharimu. Tulihamia nyumba ya zamani Milimani ya Kisumu, nikajisemea nitakaa kwanza nikitazama, kama unavyoshauri wewe, na hadi mvua zilipokwisha lantana ilikuwa imefika dirishani na nyoka wawili walikuwa wamehesabiwa. Nakuru iko juu ya mita 1,800 na asubuhi zake zina baridi. Sisi tuko karibu na mita 1,130, kando ya ziwa, na hapa kila kitu kinakua usiku mmoja. Anayengoja Kisumu anangojea msitu.

Nikipewa nafasi ya kuanza upya ningefyeka ukanda wa hatua tatu kuizunguka nyumba yote, ningefungua njia za kupitia, halafu ndipo ningeiacha sehemu iliyobaki ijieleze. Mtu hawezi kufurahia bustani asiyoweza kuitembelea. Pia ningefyeka lantana mara moja popote ilipo, kwani huwadhuru ng'ombe wakiila na haikuletwa hapa na yeyote aliyetutakia mema. Nilichokuja kukiokoa ni msanapichi mmoja mkongwe na bogenvilia tatu, na juu yake kuna tumbili wanaokuja kukagua mapera kabla yangu. Lakini silalamiki sana. Rafiki yangu wa Dunga hukatiwa nyasi na viboko usiku, bure, na hana wa kumdai miche yake iliyokanyagwa.

Dada, furahia hicho kigoda chako cha verandani. Mimi nilichelewa kukaa.

Mgeni wa Milimani (14 Januari)

Ahsanteni sana. Nimewasomea wote mezani. Mama mkwe alinyamaza mwalimu alipomtaja, kisha akauliza huyo mzungu maskini alipanda kabeji za aina gani. Tumekubaliana kufuata njia ya katikati ya Nyar Kisumo: ukanda wa kuizunguka nyumba umefyekwa leo, njia ya mawe imefunguliwa, na fyekeo limefungiwa stoo. Mugumo tulikuta miche miwili katika dohani. Mume wangu amekubali kungoja hadi Mei, ingawa ameniambia niandike hapa kwamba amekubali kwa shingo upande.

Mkata Waridi (16 Januari)

Nilifanya kazi miaka tisa katika mashamba ya maua ya Naivasha, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu mwaridi, ambao naona umesahauliwa.

Jani la njano lenye mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni lakini mmea hauwezi kukinyonya kwa sababu udongo umekuwa wa magadi kupita kiasi, na huo ndio unaosababishwa na maji yenu. Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa yana magadi mengi, na floridi pia, ambayo Nakuru imeitambua kwa muda mrefu kutokana na meno ya watoto kugeuka rangi ya kahawia; ndiyo maana huku huchujwa kwa mkaa wa mifupa kabla ya kunywewa. Chujio hilo linawafaa nyinyi, si mwaridi. Kila jioni mnapoumwagilia mnazidi kuutia magadi. Umwagilieni mara moja au mbili kwa wiki, maji mengi kwa mpigo yafike chini, mweke mboji tele kuzunguka shina bila kuligusa, na mvua zikianza mwekeni tangi la kuvuna maji ya upande wa vigae. Maji yaende kwenye shina tu. Jani likilala na maji hupata madoa meusi ya kuvu.

Kuhusu kupogoa, hapa ndipo watu wengi hukosea na nyumba za zamani. Miwaridi ya kisasa hupogolewa ukingoni mwa kiangazi na huchanua baada ya wiki sita hadi nane. Lakini mwaridi mkongwe unaopanda nguzo huenda ukawa wa aina inayochanua mara moja kwa mwaka, kwenye matawi ya mwaka uliopita, na ukiyakata hayo umeyakata maua yenyewe. Ondoeni yaliyokufa tu, yale ya kahawia yanayovunjika kwa mkono, halafu mtazame unachanua kwenye tawi gani. Mwakani mtajua.

Mgeni wa Milimani (19 Mei)

Samahani kwa kukaa kimya. Mvua zilianza wiki ya mwisho ya Machi, na nilitaka nione kwanza ndipo niandike.

Kile kipande kitupu kilikuwa na mambo mawili. Katikati ya Aprili, upande wa kushoto, ardhi ilipasuka kama inavyopasuka viazi vikinenepa, na bila jani hata moja ukatokea mpira mwekundu wa nyuzi nyembamba, mkubwa kuliko ngumi mbili za mume wangu. Siku iliyofuata ilikuwa minne. Mwisho wa wiki tulihesabu thelathini na mmoja, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakawa wanasimama langoni. Mume wangu ndiye aliyewapigia picha. Upande wa kulia haukuota chochote hata baada ya mvua, na kijana wetu alipochimba alikuta tabaka nene la majivu na masizi yaliyokuwa yakitolewa kwenye dohani na kumwagwa hapo kwa miaka mingi. Huko ndiko kabro imewekwa wiki iliyopita. Gari moja linatosha. La pili limezoea jakaranda.

Sukuma wiki ya mama mkwe iko kando ya njia ya mawe, mbali na ukuta, kati ya agapantasi na rozmeri, na amepanda managu pale ambapo tulitoa nyasi. Dania imechanua, kwa amri yake mwenyewe. Fuko amemlia viazi vitamu mstari mzima, jambo ambalo amelichukulia kama vita, na kuna mzee wa mitego anayekuja kesho. Mwaridi umeanza kutoa majani ya kijani juu, ingawa ya chini yangali ya njano, na maua yake yametoka kwenye matawi ya zamani, kama alivyosema Mkata Waridi. Ni ya waridi hafifu, karibu meupe, na harufu yake inaingia hadi katika chumba ambacho sasa ndicho tunacholala. Milango bado haifungiki.

Hiyo mipira myekundu ni mmea gani?

Mwalimu Mstaafu, Vihiga (19 Mei)

Wataalamu huuita *Scadoxus multiflorus*, na haukuletwa na mlowezi; ni mmea wa Afrika hii hii, ambao huenda ulikuwa hapo kabla ya nyumba. Majani yake yatafuata sasa na yatakauka tena mwisho wa mwaka, yaacheni yakauke yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayokilisha kitunguu kwa ajili ya Aprili ijayo. Kitunguu hicho kina sumu, kwa hiyo mama asije akakichanganya na vya jikoni. Wekeni alama za vijiti leo, kabla hamjasahau vitunguu vilipo.

Mkata Waridi (20 Mei)

Waridi jeupe lenye harufu linalochanua mara moja sijaliona tangu niondoke Naivasha. Kule tulikuza yasiyo na harufu. Ninaishi Section 58, si mbali na kwenu. Likimaliza kuchanua, naomba matawi matatu ya unene wa penseli niyaoteshe. Nitaleta miche ya pichi na chupa ya kuyabebea.

Mgeni wa Milimani (20 Mei)

Karibu Jumamosi baada ya saa nne. Mama mkwe ameuliza kama hiyo pichi inazaa kweli au ni ya maua.